Msituambie tuache ngano kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata, ila hii nakuomba usiikate sana manake kuna watu itawafaa. Kwenye safu yenu ya afya msomaji mmoja aliuliza kwa nini kila akila mkate tumbo linajaa gesi na anaharisha, akajibiwa eti aache ngano kabisa kama mwezi hivi ajione, akipata nafuu basi ajue ana seliaki na aendelee hivo hivo maisha yake yote. Mhariri, jibu lile limenikera, naamini aliyejibu alitaka kusaidia lakini limenikera, kwa sababu mi saivi niko kwenye foleni ya hicho hicho kitu, nasubiri vipimo vya seliaki, na jambo la kwanza kabisa aliloniambia daktari ni kinyume chake. Usiache ngano. Kula, na uendelee kula mpaka tumalize kupima.

Kwanza tuelewane, seliaki sio mzio. Mwenye mzio wa ngano akila anavimba midomo, anatoka vipele, anabanwa pumzi, na mara nyingi ni mambo ya dakika chache au saa. Seliaki ni kinga ya mwili yenyewe kukosea adui. Kuna protini inaitwa gluteni, imo kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya nchi za baridi. Ikifika kwenye utumbo mwembamba wa mtu mwenye seliaki kinga inaamka, inatengeneza kingamwili, yaani vile vikinga vya damu vya kupambana na wadudu, na zile kingamwili zinalenga hadi sehemu za mwili wenyewe, utumbo unaishia kuumia kwa vita isiyokuwa na sababu. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo vidogo, vingi ajabu, ndo vinavyonyonya chakula, basi vinaliwa, vinafupika, mwisho ukuta unabaki bapa. Unakula vizuri tu, sahani inaisha, lakini mwili haupati kitu.

Sasa kipimo cha kwanza cha damu, kinaitwa tTG-IgA, kazi yake ni kutafuta hizo kingamwili. Na kingamwili ziko pale kwa sababu gluteni iko pale. Ukiacha ngano zinaanza kushuka, vinyweleo navyo vinaanza kuota upya taratibu, sa ukienda maabara baada ya hapo unaweza kuambiwa uko safi kabisa kumbe ugonjwa upo umejikunja tu. Ni sawa na kupiga filimbi mtaa mzima kwamba polisi wanakuja, afu ukashangaa nyumbani kwa mwizi hamna mtu. Mwongozo wa Uingereza, ule wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, unasema anayetaka kupimwa ale gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Wiki 6! Na huyu msomaji wenu kaambiwa aache mwezi mzima ndo ajue.

Na kupata nafuu peke yake hakuthibitishi chochote. Kuna watu wakiacha ngano tumbo linatulia na hawana seliaki, wengine shida yao ni aina fulani ya sukari zilizomo kwenye ngano ambazo zinachachuka tumboni, wengine wana utumbo msumbufu tu, wengine wamepata nafuu kwa sababu pamoja na mkate waliacha keki, soda na vya kukaanga. Sa ukijiwekea mwenyewe muhuri wa seliaki bila kipimo unajifunga maisha kwa kitu ambacho pengine huna, au unacho kweli lakini unakichukulia kiulegevu, Jumatatu hadi Ijumaa unajizuia, Jumamosi kwenye sherehe unasema kakipande kamoja hakaui. Kwa mwenye seliaki hako kakipande ni tatizo. Vyakula vinavyoandikwa havina gluteni, kiwango kilichowekwa na Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, ni visizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja ya chakula. Ndo ujue kidogo chao ni kidogo kiasi gani, hata kisu kilichotoka kukata mkate kinatosha kuharibu sahani ya mwenzio.

Mi mwenyewe nimefikaje huku, ni hadithi ndefu, nitaifupisha. Nimetibiwa amiba. Nimetibiwa taifodi, nimetibiwa vidonda vya tumbo, nimetibiwa minyoo mpaka nadhani minyoo wenyewe walihama kwa aibu. Kila dawa ilikuwa inanipa nafuu ya siku mbili tatu afu tumbo linarudi kule kule. Kitu ambacho hakuna aliyekitilia maanani ni damu. Damu yangu ilikuwa chini kila ikipimwa, nikawa napewa vidonge vya madini ya chuma, nameza kwa uaminifu, choo kinakuwa cheusi kama walivosema kitakuwa, lakini damu haipandi, au inapanda kidogo na kushuka tena. Nikawa nachoka hovyo, kupanda ngazi mpaka nishike ukuta, midomo ndani inatoka vidonda vinapona vinatoka vingine, na maziwa ambayo nilikuwa nakunywa tangu utotoni ghafla yakawa yananikataa.

Aliyeunganisha hivi vitu ni daktari kijana, ambaye hata hakuniangalia tumbo kwanza, aliniuliza habari za familia. Nikamwambia dada yangu ana shida ya tezi ya shingo, mwili wake unaishambulia tezi wenyewe, na mtoto wake ana kisukari kile cha utotoni cha kuchoma insulini. Akaweka kalamu chini. Akasema hayo magonjwa na seliaki ni ndugu, yanapenda kutembea pamoja kwenye familia moja kwa sababu yanachangia vinasaba. Afu akanichorea nyuma ya karatasi ya faili, tumbo la chakula, afu mwanzo wa utumbo mwembamba, akaupaka wino pale mwanzoni, akaniambia hapa ndo madini ya chuma yanaponyonywa, na hapa hapa ndo seliaki inapopenda kuanza kuharibu, sa unaweza kumeza chuma ya kujengea daraja na isiingie. Na maziwa? Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vile vinyweleo, ncha zikiliwa nacho kinaondoka. Nilikaa pale nikaona mambo niliyokuwa nayabeba kama magonjwa manne matano tofauti yanajipanga kwenye mstari mmoja. Kama ni kweli lakini. Ndo tunasubiri.

Hapa niseme kitu, seliaki haiji na sura moja, na pengine ndo maana watu wengi walionayo hawajijui. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 katika kila 100 duniani, na sehemu kubwa yao hawajawahi kupimwa. Wengine hawaharishi kabisa, wanafunga choo. Wengine wana unene wao mzuri tu. Kuna mtoto anayedumaa wenzake wanampita urefu, kuna mama mimba zinaharibika bila sababu kuonekana, kuna mtu mifupa imekuwa laini kabla ya umri wake, mwingine anatoka malengelenge madogo yanayowasha vibaya kwenye viwiko, magoti na makalio, anapakwa dawa ya fangasi miaka nenda rudi. Na mwingine hana dalili hata moja, anapimwa tu kwa sababu nduguye amekutwa nayo, maana ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja mwenye seliaki nafasi yako ya kuwa nayo inafika kama 1 kati ya 10.

Kuna wanaosema huo ni ugonjwa wa wazungu. Nimeambiwa hivo na mtu mwenye koti jeupe, sitamtaja. Nimtajie tu Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ambao watoto wao walipochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nayo, kiwango ambacho Ulaya haikifikii. Ugonjwa unataka vitu viwili, vinasaba na gluteni mezani, rangi ya ngozi haiulizwi.

Turudi kwenye kusubiri, manake hicho ndo kinaniandikisha.

Kusubiri majibu huku unakula kitu unachohisi kinakuumiza, Mhariri, hilo ni jambo la ajabu sana. Asubuhi naweka vipande vya mkate kwenye sahani, navitazama, navyo kama vinanitazama. Nakula. Sili kwa hamu, natafuna kama mtu anayemeza dawa, nashushia na maji. Haijaisha saa moja tumbo linaanza kunguruma kwa ndani, afu linapanda juu chini ya mbavu, linakaza. Nalegeza mkanda tundu moja. Baadae la pili. Nikibonyeza chini ya kitovu nasikia maji yanahama upande. Kazini nimeshajua kiti kipi kiko karibu na mlango na mlango upi uko karibu na choo, na nikiwa kwenye kikao kirefu sisikii hata kinachosemwa, nasikilizia tumbo tu. Na jioni narudia, kwa sababu daktari kasema zaidi ya mlo mmoja.

Mama hanielewi kabisa. Kaniambia, "Mwanangu, kitu kinakudhuru unakiona, bado unakila, huyo daktari ana akili kweli?" Nikamweleza habari ya kingamwili, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wape damu yao upesi uache." Mama, damu walishachukua, tunasubiri, na bado sijaruhusiwa kuacha kwa sababu damu ikionyesha kitu kuna kipimo kingine kinafuata. Shemeji yangu yeye kanikuta naomba Mungu majibu yaje na ndio, akashtuka, eti, "Wewe unaombea ugonjwa?" Siombei ugonjwa shemeji, ugonjwa ninao, nalala nao naamka nao, naombea ujulikane ni upi. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa "vipimo vyako viko sawa" huku ameshika tumbo hawezi kuelewa maneno hayo yanavouma. Ukiambiwa uko sawa na wewe huko sawa unaanza kujitilia shaka mwenyewe, labda ni mawazo, labda nadeka, na watu wa nyumbani nao wanaanza kukuangalia hivo hivo.

Simu ikiita namba nisiyoijua moyo unaruka. Napokea, mtu anataka kunikopesha hela. Usiku ndo mbaya zaidi, unaingia kwenye intaneti kutafuta neno moja unatoka umeshajizika, manake kila ukurasa lazima utaje saratani ya utumbo. Ndio ipo, kwa seliaki iliyoachwa bila kutibiwa miaka mingi hatari inaongezeka, lakini ni nadra, na hilo neno nadra huwa wanaliandika chini kabisa ambako saa nane ya usiku hufiki. Afu hapo hapo matangazo yanaanza kukufuata, dawa za kusafisha utumbo, na vile vipimo vya tone moja la damu vinavyodai kukuambia vyakula chungu nzima usivyopatana navyo. Vingi ya vile vinapima kingamwili za aina ya IgG dhidi ya vyakula, ambazo mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa nazo kwa sababu tu anakula hicho chakula. Haviwezi kukuambia kama una seliaki. Hela yako tu.

Kinachonituliza kidogo, amini usiamini, ni historia. Nikisoma jinsi watu walivohangaika kabla yetu naona foleni yangu ni fupi. Mwaka 1888 huko London daktari anaitwa Samuel Gee aliandika kuhusu watoto waliokonda matumbo yamejaa, akasema kama kuna tiba basi itakuwa kwenye chakula. Alikuwa amelenga pazuri kabisa! Ila chakula gani, hakujua. Akamtaja mtoto mmoja aliyekuwa analishwa kome wa Kiholanzi kila siku, akanawiri, msimu wa kome ulipoisha mtoto akarudi kule kule. Mwaka 1924 Marekani akaja Sidney Haas na ndizi, watoto wakalishwa ndizi kwa wingi wakapona, watu wakaamini ndizi ndo dawa. Kumbe si kome wala si ndizi, mtoto akijazwa ndizi hana nafasi ya mkate.

Aliyemkamata mwizi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alishaanza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, halafu ikaja ile njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 nchini kwao, mkate ukaadimika, watu wanakufa, na katikati ya balaa hilo shaka yake ikazidi kupata nguvu kwa wale watoto wake wa seliaki waliokaa bila mkate. Akaja kulithibitisha vizuri kwenye tasnifu yake ya mwaka 1950 pale Utrecht. Yaani tangu Gee miaka 62. Na kingamwili yenyewe tunayoipima leo kwa tTG ilianza kueleweka inalenga nini mwaka 1997 tu, mi nilishazaliwa. Kwahiyo nikikasirika kwamba majibu yanachelewa najikumbusha kuna kizazi kizima cha wazazi waliochelewa kuliko mimi, hasira inapungua. Inapungua, haiishi.

Sasa kwa vile safu yenu haikueleza, wacha niseme yanayofuata jinsi nilivyoelezwa, labda kuna mwingine anasubiri kama mimi na hana wa kumuuliza. Ile tTG-IgA ikisomeka juu, mtu mzima kawaida anapelekwa kipimo cha kamera, mpira mwembamba unaopita mdomoni kushuka mpaka mwanzo wa utumbo, wanakata vinyama vidogo, haviumi kukatwa, nimeuliza mara kadhaa. Muhimu ni visiwe kimoja. Uharibifu wa seliaki unakuja kwa mabaka, hapa pamelika hapa pazima, kwahiyo wanashauriwa wachukue angalau vipande 4 kwenye sehemu ya pili ya duodeni, ndo huo mwanzo wa utumbo mwembamba, na kimoja au viwili pale inapoanzia. Nimemuuliza daktari kabisa, utachukua vingapi, akacheka, lakini alijibu. Muulizeni na nyie. Watoto wengine wanaepuka kamera, mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaruhusu mtoto ambaye tTG-IgA yake imepita kiwango cha kawaida mara 10 au zaidi, na damu nyingine iliyochukuliwa siku tofauti ikathibitisha kwa kingamwili ya EMA, atambuliwe bila kukatwa kitu.

Na kuna mtego mmoja ambao naona hata vituo vya afya vingine vinauruka. Kipimo cha tTG-IgA kinategemea mwili wako uwe unatengeneza IgA, ambayo ni aina mojawapo ya kingamwili. Kuna watu hawatengenezi, au wanatengeneza kidogo mno, na miongoni mwa wenye seliaki watu hao ni wengi kuliko kwa watu wa kawaida, kama 2 hadi 3 katika 100. Mtu wa hivo akipimwa tTG-IgA peke yake inasoma hamna, anarudishwa nyumbani. Dawa yake ni rahisi, wapime na jumla ya IgA kwenye damu hiyo hiyo, wakikuta iko chini wanahamia kwenye vipimo vya IgG vya seliaki, na hivyo ni tofauti na vile vya matangazo nilivyovisema juu. Angalia fomu yako kabla hujatoka chumba cha daktari. Yangu ilikuwa imewekewa alama visanduku viwili, cha pili kaongeza kwa mkono wake pembeni kwa sababu fomu yenyewe haikuwa na kisanduku. Hapo nikaanza kumwamini.

Kwa aliyeshaacha ngano zamani na hawezi kurudi nyuma, hajapotea. Kuna kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na HLA-DQ8, hakijali umekula nini. Ubaya wake kinajibu nusu tu: usipokuwa navyo, seliaki karibu uifute kabisa, ila ukiwa navyo hakijakuambia kitu, kwa sababu kwenye jamii nyingi watu kama 30 hadi 40 katika 100 wanavyo na wengi wao hawataugua kamwe. Njia nyingine ni kurudia kula gluteni kwa muda chini ya uangalizi wa daktari halafu upimwe, na waliopitia wanasema ni mateso, manake mwili uliozoea kupumzika ukiletewa tena unagoma kwa kelele kubwa zaidi. Mateso hayo ndo mnayomtafutia msomaji wenu kwa kumwambia ajaribu kuacha kwanza.

Na je, majibu yangu yakija na hapana? Nimelifikiria, siku nyingine sana. Daktari kanambia hapana nayo ni jibu ikiwa imepatikana kwa njia sahihi, yaani nimekula ipasavyo na IgA yangu iko ya kutosha, hapo tutafunga mlango huu tugeukie mingine, vimelea vya giadia wanaojificha, bakteria wa tumbo H. pylori, dawa fulani za presha kama olmesartan ambazo kwa watu wachache zinaharibu utumbo kwa sura inayofanana kabisa na seliaki, ingawa mi situmii. Sitafurahi, nisidanganye. Nimeshaanza kuipenda hii ndio kabla haijaja, nimeshasoma kwamba wali, mahindi, mtama, muhogo na viazi vyote havina gluteni kiasili, nimeshajua sosi ya soya nyingi ina ngano ndani na bia inatokana na shayiri, nimeshajua utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka kupona ingawa mtu anaanza kujisikia vizuri mapema. Hakuna dawa ya kumeza, tiba ni chakula tu, maisha yote, na mi niko tayari. Ila sitaki kuanza kabla ya jibu.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Lile jibu lirekebishwe, kwenye safu ile ile na kwa ukubwa ule ule, sio kwa mstari mmoja kule chini pembeni ya matangazo ya vifo. Mtafuteni daktari bingwa wa tumbo aandike, na aulizwe pia kwa nini mtu anayemeza vidonge vya damu mwaka hadi mwaka bila kupanda haulizwi habari za utumbo. Na yule msomaji aliyeandika, kama bado hajaacha mkate basi asiache, aende akapimwe kwanza, na kama ameshaacha amwambie daktari ni lini aliacha kabla hajanyoosha mkono atolewe damu.

Wako,
Msomaji anayesubiri majibu
(Jina na anwani mnavyo, naomba msivichapishe)